Andiko Moja kwa Chuo Kizima

"Uko tayari kuwa chini yake?"

Aliyeuliza alikuwa mkuu wa idara ya upasuaji, bwana mwenye sauti ya upole na tabia ya kuizungusha pete yake ya ndoa kila anapotaka kumweka mtu kona. Aliuliza kama anayemsogezea mgeni kiti. Kiyoyozi cha chumba cha mikutano kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo ya plastiki, na mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya projekta, kwa hiyo nyuso za wajumbe wa kamati zilipata mwanga wa picha yangu ya mwisho tu: paji la uso la mtoto mchanga, limekuzwa mpaka vinyweleo vyake vinaonekana kama nyasi baada ya mvua. Viti viwili kutoka kwangu alikaa mwalimu wangu. Alikuwa ameweka mikono juu ya mkoba wake wa ngozi, macho yake kwenye ile ndoo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali. Hilo halikuwamo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana asiyeishi maisha ya chuo anaweza kudhani tulikuwa tunagombea uwaziri. Mfuko mkubwa wa utafiti wa afya ulikuwa umetangaza ruzuku ya miaka mitano, ya aina ambayo mtafiti huiona mara moja au mbili katika maisha yake ya kazi. Sharti lake lilikuwa fupi: kila chuo kikuu kilete andiko moja. Si moja kwa kila idara wala moja kwa kila kitivo. Chuo kikituma mawili, yote mawili yanatupwa bila kusomwa. Ndiyo maana vyuo hulazimika kupigana vyenyewe kwanza, nyumbani, kabla ya kwenda kupigana nje. Kwenye barua za chuo jambo hilo liliitwa mchujo wa ndani. Kwenye chumba cha chai cha wahadhiri liliitwa vita vya ndugu.

Maandiko yaliingia kutoka kila upande, ya malaria, ya figo, ya saratani, la daktari wa meno mmoja aliyekasirika kwamba meno hayahesabiwi kuwa sehemu ya mwili. Kamati ikachuja, ikachuja tena, mpaka yakabaki mawili. Moja lilikuwa langu. Jingine lilikuwa la mtu aliyenifundisha kushika bomba la majaribio.

Wanafunzi walimwita Profesa Kwanini. Ukimwambia mgonjwa ana homa, atakuuliza kwa nini. Ukimpa sababu, atauliza kwa nini sababu hiyo na siyo nyingine, na ataendelea hivyo bila kukunja uso mpaka ufike mahali ambapo hujui, kisha atasema kwa furaha ya kweli, "Haya, sasa tumefika kazini." Kliniki yake ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilikuwa mwisho wa jengo la zamani la hospitali. Aliianzisha wakati ambapo watoto wenye ugonjwa huo walizikwa kabla hawajaota meno ya ukubwani. Wa kliniki yake wakaishi. Wakamaliza shule, wakaoa, wakaolewa, wakawa wanamletea picha za harusi anazozibandika nyuma ya mlango wa dawa. Sasa baadhi yao walikuwa wanaota mvi, na hakuna daktari aliyejua selimundu hufanya nini ndani ya mwili wa mzee, kwa sababu wazee wa namna hiyo hawakuwahi kuwapo. Hilo ndilo lililokuwa andiko lake: kuwafuata wagonjwa wake mpaka uzeeni. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kustaafu. Kila mtu alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho, naye alijua kwamba kila mtu anajua.

Langu lilikuwa kuhusu rangi ya njano.

Mtoto akizaliwa, damu yake huwa na kitu cha njano ambacho ini lake changa bado halijajifunza kukiondoa. Kwa wengi kinapita chenyewe. Kwa wachache kinapanda, kinaingia kwenye ubongo, na kikishaingia hakitoki bila kuchukua kitu. Dawa yake ni rahisi kuliko ugonjwa wenyewe: unamlaza mtoto chini ya taa ya buluu. Shida ni kumjua mapema. Kwenye ngozi nyeusi unjano hujificha vizuri sana. Vipo vifaa vya kuupima kwa mwanga bila kutoboa kisigino, lakini tulivyokuwa navyo vilitengenezwa kwa kupimia watoto weupe, na vilipofika kwenye wodi zetu vilisema hovyo kama mgeni anayebahatisha njia. Mimi na fundi mmoja wa vifaa vya hospitali tulikuwa tumetengeneza chetu, kidogo kama kiberiti. Kilifanya kazi kwenye wodi yetu. Kukithibitisha kwenye wodi nyingi, kwa maelfu ya watoto, kulihitaji ruzuku kama ile.

Nilikuwa na sababu nyingine, na hiyo inamhusu dada yangu.

Dada ni msusi. Siku moja kabla ya kwenda mbele ya kamati nilikaa katikati ya magoti yake, kwenye saluni yake yenye vioo viwili na redio, ananisuka mistari ya kwenda nyuma. Mwanawe wa kwanza alikuwa nje anawapanga wenzake kwa ajili ya mpira, kwa mikono, maana hasikii. Mtaa mzima unamwita Kapteni. Alizaliwa nikiwa bado sekondari. Kila aliyekuja kumwona alimsifu mtoto mtulivu, halii, analala tu. Alipokuja kupelekwa dirishani, kwenye mwanga, na mkunga mmoja aliyekuwa na wasiwasi, macho yake yalikuwa yamekuwa ya njano kama kiini cha yai.

"Utaanza na nini kesho?" dada aliuliza.

"Na Kapteni," nilisema. "Nitawaonyesha picha yake, niwaeleze yaliyompata, halafu ndiyo niingie kwenye takwimu."

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Usianze naye."

"Dada, ni yeye aliyenifanya..."

"Najua. Wewe unajua, mimi najua, inatosha." Akaanza kusuka tena, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Mwanangu si wa kuonewa huruma. Umemwona hapo nje? Wanaosikia wote wanamsikiliza yeye. Hao watu wakupe nafasi kwa sababu unaijua kazi, siyo kwa sababu mama mdogo wa kiziwi amewaliza."

"Na wakiuliza kwa nini mimi?"

"Waambie unajua. Basi. Na usitikise kichwa, mstari utapinda."

Kwa hiyo nilipoingia kwenye kile chumba sikuwa na picha ya Kapteni. Nilikuwa na kifaa mfukoni, na nilikuwa nimesukwa vizuri.

Mwalimu alizungumza kwanza. Alizungumza kama kawaida yake, bila kutazama picha zake ukutani, kana kwamba wagonjwa wote wamekaa pale na yeye anawatambulisha mmoja mmoja. Nilimsikiliza na nikajikuta, jambo la ajabu kwa mshindani, natikisa kichwa kukubali. Kisha nikasimama mimi. Nilieleza kifaa, nikaeleza makosa yake, nikaeleza tunavyotaka kuyapima. Niliona kalamu zinaandika. Na ndipo yule mkuu wa upasuaji akaanza kuizungusha pete.

Alisema kazi zote mbili ni nzuri mno. Alisema itakuwa vibaya chuo kimwache mzee wake nje. Akasema mfuko unapenda majina makubwa, na jina kubwa tunalo. Kwa nini tusiyaunganishe? Profesa awe mtafiti mkuu, selimundu na manjano vikae chini ya mwavuli mmoja wa magonjwa ya damu ya watoto, na mimi nisimamie sehemu yangu kama msaidizi wake. Wajumbe wawili walishusha pumzi kwa raha. Ilikuwa njia laini, haimuumizi mtu. Ndipo akaniuliza kama niko tayari kuwa chini yake.

Kulikuwa na kila sababu ya kuitikia. Mimi ni mwanafunzi wake. Nimekula mezani kwake. Aliposimamia shahada yangu ya uzamivu alisoma kila sura mara nyingi kuliko mimi. Kwetu mtu hamkatai mwalimu wake mbele za watu, na kama analazimika kumkataa, hutafuta faragha na maneno yaliyozungushiwa pamba. Nilimtazama ili anipe ishara. Hakunitazama.

"Hapana," nilisema. "Siko tayari."

Tone la maji likaanguka kwenye ndoo.

"Profesa ndiye aliyenifundisha kupima kitu, na kukitilia shaka kipimo chenyewe," niliendelea. "Lakini kazi hii ni yangu, tangu swali mpaka kifaa. Mkimweka yeye mbele, mtapeleka andiko ambalo mtafiti wake mkuu hawezi kulijibia, na watu wa mfuko watalijua hilo kwenye swali la pili. Na mkiichukua kazi yake ya maisha mkaifanya sura ndani ya yangu, mtakuwa mmewadhulumu wagonjwa wake. Haya ni maandiko mawili. Sharti ni andiko moja. Chagueni. Mkichagua lake nitampigia makofi, na nitakuwa namaanisha."

Mwenyekiti wa kamati, mama wa famasia aliyening'iniza miwani kwa uzi shingoni, aligeuka upande wa pili. "Profesa, una la kusema?"

"Swali aliulizwa yeye," alisema mwalimu wangu. "Amejibu."

Akafungua mkoba, akatumbukiza karatasi zake, akaufunga. Tulipotoka, mimi nilielekea kwenye lifti, yeye akashuka kwa ngazi. Nilijisikia mrefu. Nilijisikia pia kama mtu aliyevunja kitu cha kioo kwenye nyumba ya watu na bado ameshika kishikio chake.

Kamati ilichagua langu. Mwenyekiti alinipigia simu mwenyewe, akanipongeza, akaongeza kwamba kura hazikuwa mbali. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jengo la zamani, maana sikutaka mwalimu alisikie ukumbini. Alikuwa na mgonjwa, jitu la miraba minne, ameushika mkono wake anasikiliza mapigo.

"Mwalimu, wamechagua langu."

"Nimeambiwa. Hongera." Hakuinua macho kutoka kwenye saa. "Funga mlango, upepo unaingia."

"Hongera sana, daktari," alisema yule mgonjwa kwa bashasha, bila kujua ananipongeza kwa lipi. Nilifunga mlango nikiwa upande wa nje.

Baada ya hapo mwalimu hakunisemesha zaidi ya salamu. Hakuwa na kisirani, nisimsingizie. Tulipokutana kwenye korido alinisalimu, akaulizia wa nyumbani, akapita. Lakini kwa mtu ambaye hakuwahi kukutana nami bila kuniuliza kwa nini, salamu tupu zilikuwa kama chakula cha hospitali. Niliendelea kuliandaa andiko kwa ajili ya mfuko. Niliandika, nikafuta. Usiku nililala vizuri na nilijilaumu kwa kulala vizuri.

Kisha asubuhi moja mlango wa ofisi yangu ukafunguliwa bila hodi. Aliingia na andiko langu lote likiwa limechapishwa, limejaa wino mwekundu kama limetoka vitani. Akaondoa vitabu kwenye kiti cha wageni, akaviweka sakafuni, akakaa.

"Ukurasa wa nane unadanganya," alisema.

Sijui kama nimewahi kufurahia tusi kiasi kile.

"Unadanganya vipi, Mwalimu?"

"Kifaa chako kikisema mtoto ana hatari, unamtoa damu kuhakikisha. Vizuri. Kikisema mtoto yuko salama, unafanya nini?"

"Anaruhusiwa kwenda nyumbani."

"Na kama hayuko salama?"

Nikafungua ukurasa wa nane.

"Amekwenda nyumbani," alisema taratibu. "Mama yake amefurahi, daktari amefurahi, kifaa kimefurahi. Kwenye jedwali lako anaonekana ni ushindi. Utamjuaje huyo? Ndiye uliyemtafuta tangu mwanzo, na umempanga vizuri kabisa ili usimwone."

Nilijua mtoto huyo anafananaje. Alikuwa na jina la utani na timu ya mpira.

Tulifanya kazi mpaka chai ikapoa vikombeni. Ilibidi kila mtoto atakayeingia kwenye utafiti atolewe damu, kifaa kiseme kitakachosema, na wote wafuatwe majumbani baada ya kuruhusiwa. Hilo lilimaanisha wodi chache kuliko nilizoahidi.

"Nikipunguza wodi wataona mradi umekuwa mdogo," nilisema.

"Wataona umekuwa wa kweli. Kata."

Nikakata. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alijifanya mjumbe wa mfuko mwenye usingizi, alijifanya mtakwimu mkorofi, alijifanya bwana mmoja anayeuliza swali refu ili asikie sauti yake mwenyewe, na huyo alimwigiza vizuri hivi kwamba nilicheka mpaka nikashika meza. Siku moja, wakati anavaa koti aondoke, nilijikaza nikamuuliza.

"Mwalimu, ulinikasirikia?"

Aliingiza mkono mmoja kwenye koti, akasimama na mkono wa pili ukining'inia.

"Niliumia," alisema. "Sitakudanganya. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba nimeshindwa na mwanafunzi wangu. Akaniuliza, sasa unalia nini, si ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya?" Akacheka kidogo, kwa pua. "Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba yuko sahihi. Huwa inachukua siku kadhaa, akiwa sahihi."

"Na pale kwenye kamati? Nilipokukatalia?"

"Pale ndipo nilipopumua. Ungeitikia, ningejua kwamba miaka yote ile nimemfundisha mtu kusema ndiyo."

Akavaa mkono wa pili, akaondoka.

Usaili wa mfuko ulifanyika kwenye ukumbi wenye meza ndefu inayong'aa mpaka unaona kidevu chako. Mtakwimu wao alikuwa mwanamke mwembamba asiyetabasamu. Alifungua ukurasa wa nane, ukurasa wa nane mpya, akauliza: nitamjuaje mtoto ambaye kifaa kimempitisha kimakosa? Nilitamani kucheka. Nilimjibu bila haraka, hatua kwa hatua, mpaka akafika mahali akaacha kuandika na kunisikiliza tu.

"Nani alikukosoa kabla hujaja hapa?" aliuliza mwishoni.

"Aliyekuwa mshindani wangu chuoni."

Akamtazama mwenzake aliyekaa kando yake, kisha akanitazama mimi. "Mna chuo kizuri," alisema.

Nimewahi kupewa tuzo baada ya hapo, ya kioo, nzito, inayokusanya vumbi vizuri. Siioni kama kitu mbele ya sentensi hiyo.

Tulishinda. Habari ilipofika nilikwenda saluni. Dada alizima mashine ya kukaushia nywele huku mteja akiwa ndani yake, akanikumbatia na mikono iliyojaa mafuta, kisha akaenda mlangoni akamweleza mwanawe kwa ishara. Kapteni alinijia, akafikiri, akauliza kwa vidole: nani alikuwa wa pili?

Mwalimu wangu, nilimjibu.

Akatikisa kichwa kama mtu mzima anayepima mechi iliyokwisha. Basi mlicheza na timu nzuri, alisema.

Ya mwalimu hayakwisha kirahisi namna hiyo, na sitayapaka rangi. Alistaafu bila ruzuku yake. Mfuko ulipotangaza tena, daktari aliyekuwa msaidizi wake kwenye kliniki aliliandika upya lile andiko, na safari hii mimi nilikaa kwenye kiti cha kamati. Lilipita mchujo wa ndani, likaanguka nje. Likarudi baadaye, likapita. Wakati huo baadhi ya wale ambao picha zao zilikuwa nyuma ya mlango walikuwa wameshafariki, na mwalimu alinitajia kila mmoja wao siku aliyonipigia simu kunipa habari njema. Lakini wagonjwa waliobaki sasa wanafuatwa. Naye huenda kuwatembelea, kama babu wa familia kubwa mno.

Mwaka jana alikuja pia kunitembelea mimi. Sikuwa na jambo la kumwonyesha. Vifaa vipo kwenye wodi nyingi sasa, na kifaa kilichozoeleka hakina maonyesho. Tulipita tu kwenye wodi ya wazazi, saa ya kupima. Muuguzi alikuwa anatoka kitanda hadi kitanda. Alifika kwa mama mmoja kijana, mtoto wake amelala usingizi mzito, akamfunua paji la uso.

"Jamani, nesi," alisema yule mama, "ndiyo kwanza amelala."

"Mara moja tu, mama."

Kifaa kikagusa paji, kikatoa mlio mdogo. Mtoto akaamka, akafungua mdomo, akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Mama yake akasonya, akamnyanyua, akatugeuzia mgongo sote watatu.

"Amekasirika," alisema mwalimu wangu.

"Sana," nilisema.

Tulikuwa tumesimama njiani. Muuguzi alifuta kioo cha kifaa kwa pamba, akatuomba tupishe, nasi tukampisha, akasogea kitanda kinachofuata.